Vyumba Visivyopigiwa Hodi

Nikimsikia mtu anasema kompyuta haidanganyi, damu hunichemka. Nimefanya kazi na mashine hizo tangu zikiwa kubwa kama kabati la nguo, na ninachojua ni kwamba hurudia zilichoambiwa na haziulizi aliyesema ni nani hasa. Nimeshagombana na watu wazima kwa jambo hili, arusini, msibani na hata kwenye foleni ya benki. Wanangu wakiona nimeanza huhamisha mazungumzo.

Mashine yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza katika jengo la shirika moja la umma, upande wa Kariakoo unaotazama Mnazi Mmoja. Ilikuja kama msaada kutoka Ulaya, na mfumo uliokuwa ndani yake ulikuwa wa jamii ya Unix, wa zamani hata kwa wakati ule. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa foleni, na khanga ukiipata unaifunika kwenye kapu usionekane njiani. Kazi ya mashine ilikuwa kupanga mgao, yaani duka gani la mtaa lipate magunia mangapi ya sukari. Ilichapa karatasi, karatasi ikaenda ghalani, lori likatoka.

Kwa kuwa mashine haikuvumilia joto, chumba chake ndicho pekee chenye kiyoyozi cha kuaminika. Mama wa mapokezi alikuwa akinunua samaki soko la Feri asubuhi na kuwaweka nyuma ya mashine mpaka saa ya kutoka, nasi tukafanya kazi na harufu ya samaki changu. Nikilalamika wananiambia, "Dada, Ulaya imekuharibu pua." Mimi ndiye niliyepelekwa huko kusomea ile mashine, na hawakunisamehe haraka.

Sasa nieleze jinsi mashine ile ilivyokuwa, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kila mfanyakazi alikuwa na jina lake na neno lake la siri, na ndani ya mashine alikuwa na sehemu yake ya kuwekea kazi. Sisi tuliita chumba. Chumba chako ungeweza kukifunga, wenzako wasiingie. Lakini palikuwa na jina moja kuu ambalo milango yote ilifunguka mbele yake. Mwenye jina hilo aliweza kusoma, kuandika na kufuta chochote, popote. Hilo tuliliita ufunguo, na ufunguo alikuwa nao mkuu wetu peke yake.

Mkuu wetu alikuwa Mhindi, mtu mzima, aliyekulia Kariakoo nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Nyumba yao ilipotaifishwa, ndugu zake waliondoka mmoja mmoja, huyu Kanada, yule Uingereza. Yeye alibaki, akakaa na mkewe katika fleti Upanga, akaja kufanya kazi serikalini akiwa amevaa suti ya Chou En Lai, ile ya viongozi wa wakati ule, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Tulimwita Mzee. Alijua wagonjwa wetu wote na mitihani ya watoto wetu wote. Kwake mtu aliyepita mahali bila kusalimia alikuwa amevunja kitu.

Na tabia hiyo aliingia nayo mashinani. Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, alikaa kwenye skrini yake, akaingia kwa ufunguo mkuu, akapita chumba kwa chumba. Akiingia kwako alipiga herufi mbili, ls, ambazo ni amri ya kuiambia mashine ikuonyeshe vilivyomo chumbani. Akaangalia kazi yako imefika wapi, akakuachia kijibarua kifupi. "Umeamkaje, mwanangu? Mama amepata nafuu?" Ukifika na kufungua skrini yako, unakikuta. Watu waliwahi kazini kwa ajili ya vijibarua vile, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Nilishawahi kumwambia, "Mzee, kule nilikosoma walisema ufunguo mkuu unautumia kwa kazi maalumu, kisha unauweka. Kutembea nao hivi siyo vizuri."

"Nikiuweka, mwanangu, milango mingine itanikatalia," alinijibu. "Nitamsalimia huyu nimruke yule? Atanielewaje?"

Nilirudi kwenye meza yangu. Kwa mtu wa kwetu, kumruka mtu kwenye salamu ni tusi.

Mambo yaliharibika msimu wa sukari kuadimika kabisa. Duka moja la mtaa upande wa Gerezani, jirani na Kariakoo, lilipokea magunia kupita fungu lake, na duka la Ilala likapungukiwa kiasi hicho hicho. Watu wa Ilala walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, wengine wameacha mawe na ndala kuwashikia nafasi, na lori likafika nusu tupu. Ikawa kelele, ikafika kwa wakubwa. Na zile zilikuwa siku za kuwasaka wahujumu uchumi, siku ambazo mtu alikuwa tayari kutupa sukari yake mwenyewe chooni akisikia mlango unagongwa.

Kamati ikaundwa. Walikuja watu watatu, mwenyekiti wao akiwa bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kwenye mkutano wa hadhara. Wakataka mashine iseme nani amebadilisha mgao. Niliiuliza mbele yao, kwa sababu sikuwa na wasiwasi wowote, na mashine ikasema: faili la mgao limebadilishwa na mwenye jina kuu, asubuhi, saa ile ile ambayo Mzee huwa anapita kutusalimia.

"Ulikuwa kwenye mashine saa hiyo?" mwenyekiti alimwuliza.

"Nilikuwepo," Mzee akasema. "Lakini sikugusa mgao."

"Kuna mwingine mwenye ufunguo huo?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Ndugu, kompyuta haidanganyi."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia lile neno, na tangu hapo sijalipenda.

Mzee alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Kamati ingekaa tena Ijumaa kumhoji kwa mara ya mwisho, na isiporidhika ingemkabidhi polisi kama mhujumu. Sote tulijua maana yake. Tena tulijua mtaani wangesema nini, kwa kuwa walikwishaanza kusema: Mhindi, mlitegemea nini? Aliyesema vile mbele yangu, muuza kahawa wa pale chini, nilimmwagia maneno mpaka akahamisha birika lake. Jioni nilipita Upanga kuwajulia hali. Mkewe alinipa chai ya viungo, akaniambia shemeji zake wamepiga simu kutoka Kanada wakisema, tulikuambia. Mzee alikuwa amekaa barazani. "Nilibaki kwa sababu hapa ni kwetu," alisema. "Sasa nikifungwa kama mwizi, mwanangu, nitakuwa nilibakia nini?" Nilitoka pale nikilia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Ufunguo mkuu nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomea. Asubuhi iliyofuata nilikuta wenzangu wamekaa kama watu waliotoka kuzika. Kila mmoja alikuwa anafungua skrini yake na kuona hamna kitu. Yule mama wa mapokezi aliniuliza, "Leo hata salamu hakuna?" Moyo ukaniuma. Nikasema basi, Mzee asionekane amefutika hapa. Nikaingia kwa ufunguo, nikapita chumba kwa chumba kama yeye, nikapiga herufi zile mbili kila nilipoingia, nikaacha kijibarua: "Mzee anawasalimu." Mimi, niliyesoma Ulaya, niliyemwonya yeye! Lakini ungewaona wenzangu walivyochangamka, hata wewe ungepita.

Mchana mgao mpya ulichapwa. Nilipoipitia karatasi kabla ya kuipeleka ghalani, niliirudia mara mbili. Duka lile lile la Gerezani limeongezewa. Ilala wamepunguzwa tena. Nikaiuliza mashine ni nani, ikajibu bila haya: mwenye jina kuu, asubuhi ya leo. Na asubuhi ya leo mwenye jina kuu nilikuwa mimi.

Nilikaa chini kwenye ubaridi ule, samaki nyuma yangu, nikajiona nimetiwa pingu. Halafu, taratibu, hofu ikageuka kitu kingine. Mzee alikuwa Upanga. Mimi sikugusa mgao. Kitu pekee tulichokifanya sote wawili, yeye siku ile na mimi leo, ni kupita kusalimia.

Hapo ndipo nilipokumbuka udhaifu mmoja wa mifumo ile ya zamani, ambao mwalimu wetu aliutaja juu juu akielekea kwenye chai. Unapoiamuru mashine kwa jina, ls au jingine lolote, inamtafuta mwenye jina hilo aje afanye kazi. Na kwa jinsi ilivyopangwa, ilianza kumtafuta mle mle chumbani uliposimama, ndipo iende kwenye ghala lake la amri za kweli. Ni kama ukiingia nyumba ya watu ukaita "dada!" Atakayeitika ni dada wa nyumba ile, siyo dada yako uliyemwacha kwenu. Basi mtu akiandika programu yake, akaipa jina ls, akaiacha chumbani kwake, mwenye ufunguo mkuu akiingia na kuita, itaitika hiyo. Na itafanya kazi kwa nguvu za aliyeita. Ikishabadilisha inachotaka inamwita ls wa kweli, mgeni anaonyeshwa vilivyomo kama kawaida, yenyewe ikijificha, anaacha salamu zake na kuondoka.

Nilirudi chumba kwa chumba, safari hii nikimwita ls wa ghalani kwa anwani yake kamili ili asiitike mwingine. Vyumba vingi vilikuwa na kazi tu na vijibarua vya Mzee, watu wamevitunza miaka. Kisha nikafika chumba cha mwisho, nikaiona: faili dogo, herufi mbili, l na s.

Kilikuwa chumba cha shoga yangu.

Alikuwa mtu wa Lindi, tumeanza kazi pamoja, tunakula pamoja kila mchana. Niliporudi kutoka Ulaya wengine walinicheka kwa habari zangu, yeye akaniambia nifundishe. Nikamfundisha. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Mama yake alikuwa anaendesha duka la mtaa, Gerezani.

Nilimkuta pale tulipozoea, kwa mama ntilie wa pembeni ya Mnazi Mmoja, amenishikia nafasi kwenye benchi na sahani yangu ya wali maharage imefunikwa kwa sahani nyingine isipoe. Ile sahani iliyofunikwa ndiyo iliyonitia hasira zaidi.

"Nimeingia chumbani kwako," nikamwambia.

Hakujitia hamnazo. Aliweka kijiko chini.

"Mzee anafungwa, unajua? Kwa ajili ya magunia yako!"

"Siyo yangu, shoga. Sijala hata kijiko." Sauti yake ilikuwa chini, watu walikuwa wengi. "Kila mwezi duka la mama linapata kidogo, linaisha nusu ya foleni haijahudumiwa. Wanasema anaficha uvunguni. Wamemmwagia maji machafu mlangoni. Mama yangu mzima, anatoka na khanga usoni. Nikaona nimsogezee kidogo, wapate wote, wanyamaze."

"Na Ilala je? Kule hakuna mama za watu?"

Akasukuma sahani yake pembeni.

"Na Mzee?"

"Nilidhani watasema mashine imekosea," akasema, na machozi yakamtoka. "Walahi nilidhani hivyo, na Mzee alipoondolewa nikajua hakuna atakayepita tena. Mashine haifungwi."

Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia, "Ijumaa nitawaonyesha jinsi inavyofanyika. Sitasema ni chumba cha nani. Hilo ni lako kulisema." Sikula. Na yeye hakula.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye kile chumba cha baridi, Mzee akaletwa, akakalishwa kwenye kiti cha wageni, katika ofisi yake mwenyewe. Sote tuliitwa. Nikaomba kusema. Nikawaambia hata mgao wa juzi umebadilika, na aliyeubadilisha mashine inasema ni mimi, kwa hiyo kama kompyuta haidanganyi basi wanifunge na mimi. Mwenyekiti alikunja uso. Nikamwomba akae yeye mbele ya skrini, nikamwingiza kwa ufunguo mkuu, nikamwambia aingie chumbani kwangu na apige herufi mbili tu. Akapiga kwa kidole kimoja. Yakatokea mafaili yangu.

"Haya, kumetokea nini?" akauliza.

"Umeandika barua, ndugu Mwenyekiti."

"Sijaandika kitu mimi!"

Nikaifungua ile barua kwenye skrini, mwenye faili akiwa jina kuu alilolishika yeye, saa ile ile, kila mtu akaisoma: "Mimi Mwenyekiti nakiri kwamba sukari yote ya Ilala iko chini ya kitanda changu."

Mama wa mapokezi aliangua kicheko, akajiziba mdomo na khanga. Mwenyekiti alisimama utadhani kiti kimemwunguza. Nilimweleza taratibu jinsi nilivyotega ls yangu chumbani kwangu, dada wa nyumba ya watu na dada wa kwenu, mpaka yule mjumbe mwembamba aliyekuwa akiandika aliacha kalamu na kusema, "Kwa hiyo mtu anasalimia tu, na mkono wake unaiba." Nikasema ndiyo hivyo.

"Basi mtego ulikuwa chumba cha nani?" mwenyekiti akauliza.

Shoga yangu alikuwa anaangalia sakafu. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na niliogopa kwamba hatasema, na kwamba nitalazimika kusema mimi.

Mzee ndiye aliyesimama. Nadhani alikwishaelewa. Alijua mama wa nani anaendesha duka gani, maana yeye alijua mambo yetu yote.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "ufunguo ulikuwa wangu na nilionywa nisitembee nao. Nimeingia vyumba vya watu miaka yote hii bila kupiga hodi hata siku moja. Andikeni kosa ni langu la uzembe, yaishe. Hawa ni watoto wangu, sitaki atafutwe mtu."

"Mzee, usiseme hivyo." Shoga yangu alikuwa amesimama. "Ni changu. Chumba ni changu. Nisamehe, Mzee."

Shoga yangu alipelekwa kituoni mchana ule kwa gari la polisi. Mzee, aliyekuwa anangojewa na gari lile lile, aliondoka nyuma yake kwa miguu kwenda kumtolea maelezo. Watu wa Gerezani, wale wale waliomwaga maji machafu, walikuja kushuhudia kwamba sukari ile iliuzwa yote dukani kwa bei iliyopangwa, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Hiyo ndiyo iliyomwokoa asifungwe. Lakini kazi ilikwisha. Akaanza kupika vitumbua na mama yake.

Mzee alirudishwa kwenye kiti chake, ila ufunguo hakurudishiwa. Nilibaki nao mimi. Niliziba lile pengo siku ile ile. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta nukta moja tu, ile iliyoiambia mashine ianze kutafuta chumbani uliposimama, na nikafunga milango ya vyumba vyote kama nilivyofundishwa. Mzee akapewa jina la kawaida kama sisi. Asubuhi akawa anainuka, anazunguka meza kwa meza kutusalimia kwa mdomo, na goti lake bovu. Nikaona sawa, mambo yametulia.

Asubuhi moja nilikuwa nampelekea chai, nikapita nyuma yake, na macho yangu yakaangukia skrini. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha shoga yangu, ambacho nilikuwa sijakifuta. Mashine ilimjibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba hana ruhusa. Alikaa kidogo, akazima, akainuka kwenda kuzunguka meza. Kesho yake nikapita tena makusudi. Alikuwa pale pale. Hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anamfikia kila mtu, kama zamani, na hakutaka kumruka mmoja ambaye hakuwa na meza tena.

Mchana ule niliingia kwa ufunguo mkuu nikaufungua ule mlango mmoja, asome na aandike anavyotaka. Sikumwambia. Mkaguzi yeyote angesema nimeacha tundu kwenye mfumo, na angekuwa sahihi. Wiki iliyofuata nilikwenda Gerezani kula vitumbua, nikakaa kwenye kibao karibu na karai. Shoga yangu hakuniuliza habari za mashine. Nilimpa kijibarua nilichokikuta kwenye chumba chake mashinani, nilichokichapa na kukikunja mfukoni, akafuta mikono ya unga kwenye khanga, akakisoma: "Umeamkaje, mwanangu? Mama hajambo?"

Aliacha kitumbua kikaungua. Kisha akaniambia, "Mwambie hajambo."